Rahima na zawadi za Krismasi zisizokaa kabatini

RAHIMA Yunus amelishika boksi la blenda kwa mikono miwili na haliachii. Upande wa pili wa meza, kijana mwenye shati jeupe amekwisha kutoa pesa mfukoni. Kijana anavuta boksi, naye Rahima anavuta.

“Mama yako anamenyea ndizi wapi?” Rahima anamuuliza.

“Mama, mimi nimekuja kununua. Sikuja kufanya mtihani.”

“Najua, mwanangu. Anamenya amekaa chini au amesimama? Jikoni kwake umeme umefika?”

Kijana anacheka kwa hasira. Umeme, anasema, umefika sebuleni. Jiko ni la nje, la mafiga na moshi, kama jiko la mama yeyote wa kwao Nshamba.

“Sasa hii blenda ataichomeka kwenye figa?”

Wanunuzi waliosimama nyuma wanaangua kicheko. Ni juma la mwisho kabla ya Krismasi katika soko la Bukoba, na foleni iliyo mbele ya meza yake haimharakishi mama huyu hata kidogo. Mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza yanamwaga watu kila siku, na karibu kila anayeshuka anataka kitu cha jikoni cha kumpelekea mama.

Wahaya tunapenda sifa, tusidanganyane. Zawadi ya Krismasi kwetu lazima iwe na boksi, na boksi lazima lionekane likishushwa kwenye gari mbele ya majirani. Rahima anaijua tabia hiyo kuliko sisi wenyewe, na ndiyo anayopambana nayo.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Babu yake mzaa baba alitoka Pangani kufuata biashara ya kahawa, akaoa Bukoba, akasahau kurudi. Rahima mwenyewe alizaliwa hapahapa, Kihaya anakijua mpaka cha kugombana, na alianza kwa kuuza vikombe na sufuria juu ya gunia kabla hajapata meza yenye bati juu.

“Zamani nilikuwa nauza tu,” anasema. “Mtu akitaka jagi la umeme, chukua. Akitaka mashine ya kukatia sijui nini, chukua. Namshukuru Mungu, nalala.”

Kilichomharibia usingizi ni mialiko. Kila Krismasi wateja wake Wakatoliki humwalika yeye na mumewe, Ayubu, ambaye huombwa kuchinja mbuzi ili wageni Waislamu nao wale. Mwaka mmoja, huko Maruku, walikaribishwa sebuleni wakapewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo mgeni hupewa kabla ya maongezi yoyote. Akiwa anatafuna, Rahima akainua macho.

Katikati ya kabati la vyombo palikuwa na jiko la umeme la kupikia wali, alilouza yeye mwenyewe. Nailoni ilikuwa haijatolewa. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa maua ya plastiki.

“Nilicheka mpaka nikapaliwa na kahawa,” anasimulia. “Halafu nikatazama nje. Mama mwenye nyumba anapuliza moto wa kuni, machozi yanamtoka. Iliniuma jamani. Nikamwambia Ayubu, kumbe mimi nauza mapambo!”

Tangu hapo hauzi zawadi bila kuuliza maswali, na ikifika Januari huzunguka kwa wateja kukagua. Kipimo chake ni uchafu. Akiikuta zawadi ina masizi, ina mafuta, mpini umelegea, anafurahi. Akiikuta inang'aa, anaibeba na kumbadilishia mwenye nyumba kitu kingine, pengine kisu kizuri au jiko la kuni lisilo na moshi mwingi.

Ni biashara gani hiyo? Mumewe humuuliza hivyo kila mwaka. Desemba humwingizia karibu kama miezi mitatu ya kawaida ikijumlishwa, na bado wapo wanaoondoka wamenuna na kwenda kununua boksi lilelile kwenye meza ya jirani.

“Huyu mke wangu akiuza jeneza atauliza marehemu alikuwa analalia ubavu gani,” anasema Ayubu, na Rahima anamtupia kitambaa cha kufutia vyombo.

Kijana wa shati jeupe, Philbert Rutaihwa, mhasibu anayefanya kazi Dar es Salaam, naye alikuwa karibu kuondoka. Kilichomzuia ni swali la mwisho.

“Krismasi hii nani atapika?”

Philbert akaeleza. Mama yake, Anatolia, alipata kiharusi baada ya Pasaka. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Anayepika sasa ni Edvina, mke wa kaka yake Philbert anayeishi jirani. Ni mkamwana mwema, hana maneno. Anatolia angetamani kupika mwenyewe, ila ndizi mbichi inateleza na ina utomvu. Inataka mkono wa kuishika na mkono wa kisu.

“Kwa hiyo mama atakaa sebuleni apumzike,” alisema Philbert. “Ila juzi alinipigia simu. Akaniambia, ‘Njooni tu wanangu. Mimi mwenyewe sasa ni mgeni hapa.’”

Rahima alilirudisha boksi la blenda chini ya meza.

“Huyo hajaomba kupumzika,” alisema. “Nenda kaniletee ndizi.”

Watu walidhani ni mzaha. Rahima alikaa juu ya gunia, akataka mkono wake wa kushoto ufungwe kiunoni kwa khanga, akashika kisu kwa mkono wa kulia. Ndizi ya kwanza ilimtoka ikamgonga muuza nyanya. Nyingine aliibana kwa magoti, utomvu ukaishia kwenye gauni. Iliyofuata aliikanyaga kwa kisigino, na hapo uso wake ukabadilika. Alikuwa ameacha kucheka.

“Ya Rabi! Na huyu mama anaishi hivi tangu Pasaka?”

Akitafuta pa kuiegemeza ndizi, aliichomeka kwenye msumari uliotokeza kwenye mguu wa meza. Ikakaa. Akapitisha kisu, ganda likachubuka refu na kuning'inia. Muuza nyanya, aliyekuwa bado anajifuta utomvu, akapiga vigelegele.

Jioni hiyohiyo Rahima alikuwa Kahororo kwa Kamala, fundi seremala aliyemtengenezea meza yake. Kamala alipasua ubao mzito, akapigilia misumari kutoka chini ili ncha zitokeze juu. Kisha, kwa kuwa ni fundi anayejipenda, akauwekea miguu mirefu iliyochongwa vizuri na kuupaka vanishi mpaka ukawaka.

Rahima aliutazama akashika kiuno.

“Fundi, umeona wapi mama wa Kihaya anamenya ndizi amesimama kama yuko dirishani benki?”

Kamala alilalamika kwamba miguu ndiyo iliyompa kazi kubwa. Ikakatwa yote. Mama humenya akiwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, maganda yakianguka kwenye jani la mgomba pembeni. Ubao ukarandwa upande mmoja ili ulale vizuri karibu na paja. Chini Rahima alipigilia vipande vya ndala kuukuu usiteleze, na vanishi aliisugua mpaka ikaisha. Ndizi ikinuka rangi, alisema, nani ataila?

Mkesha wa Krismasi Ayubu aliwasha gari, nami nikapanda pamoja na Rahima na Philbert kuelekea Nshamba.

“Mtoto wa jirani yetu kaleta friji,” alisema Philbert njiani. “Mimi napeleka ubao wa misumari.”

“Mama akiukataa, blenda nakupa bure,” Rahima alimjibu. Lakini alikuwa anaurekebisha ushungi wake kila baada ya kona, na si kwa sababu ya upepo. Naye alikuwa anaogopa.

Anatolia tulimkuta sebuleni, amevaa gauni la kwendea Misa, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Edvina ndiye aliyetuletea akamwani. Philbert alitoa ubao kwenye gazeti alilouviringishia. Mama yake akautazama, kisha akamtazama mwanawe.

“Hiki nacho ni nini, waitu, jamani? Cha kutegea panya?”

Philbert aliinamisha kichwa. Rahima aliuchukua ubao, akampa Anatolia mkono.

“Mama, twende jikoni kwako.”

Huenda ni hilo neno “kwako” lililomwinua. Alikwenda. Edvina akamsaidia kukaa mkekani, Rahima akamwekea ubao karibu na paja na chane ya ndizi pembeni. Ndizi ya kwanza ilikatika katikati, nusu ikabaki msumarini na nusu ikaangukia majivuni. Anatolia akakitupa kisu.

“Niacheni. Nilishasema mimi mgeni.”

Edvina, ambaye angeweza kumaliza chane ile kabla maji hayajachemka, alikiokota kisu, akakipangusa, akakipaka mafuta kidogo ili utomvu usishike. Akakirudisha mkononi mwa mama mkwe wake.

“Mama, ikandamize kidogo tu,” alisema taratibu. “Usiichome mpaka mwisho.”

Anatolia aliikandamiza nyingine kwa kiganja. Kisu kikapita, ganda likaanguka. Akaichomoa, akaigeuza, akamaliza upande wa pili, akaitupia kwenye beseni la maji. Akachukua nyingine. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini. Katikati ya chane alianza kusema, kichwa ameinamisha vilevile.

“Edvina, huo moto unautazama tu? Na haya maharage aliyachambua nani, mbona yana mawe?”

Edvina alikuwa anacheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. Kwa kweli, hata mwandishi huyu alilazimika kutoka nje kidogo.

Philbert alisogea kutoka mlangoni.

“Mama, hizo zinatosha. Sasa pumzika.”

Anatolia alimpandisha na kumshusha kwa macho, kuanzia shati jeupe hadi viatu vya Dar es Salaam.

“Mgeni ni wewe,” alisema. “Nenda sebuleni ukakae, utaletewa chakula.”

Akaenda. Nje, Ayubu alikuwa tayari ameitwa kwa ajili ya mbuzi.

Rahima sasa ana mpango. Ameshasikia habari za mama mmoja wa Maruku ambaye vidole vimekakamaa, na mwingine aliyeungua mkono, na anataka Kamala atengeneze mbao za kutosha ili Krismasi ijayo zikae mezani kwake pamoja na blenda. Boksi pia litakuwepo, kubwa, lenye utepe mwekundu.

“Watoto wa Kihaya bila boksi hawanunui,” anasema. “Basi watashusha boksi, majirani wataona, kila mtu atafurahi. Mimi ninachotaka ni kilicho ndani kichafuke.”

Tatizo lilikuwa moja. Baada ya kukata miguu, kuranda na kusugua, si yeye wala Kamala aliyekumbuka vipimo vya ule ubao wa kwanza. Januari akaenda Nshamba kuuazima.

Aliukuta nyuma ya mlango wa jiko, mweusi kwa utomvu, msumari mmoja umepinda.

“Mchafu!” alinipigia simu akipiga kelele kama aliyeona mwezi wa Idi. “Mchafu kupita kiasi!”

Aliomba apewe kwa siku mbili tu. Anatolia alikataa katakata.

“Nikikupa huo, watu wangu nitawapikia nini?”

Ikabidi Rahima apimie palepale jikoni kwa pindo la khanga yake, akifunga fundo kila alipofika ukingoni mwa ubao, huku mwenye jiko akimhimiza afanye haraka, kwa kuwa ndizi za mchana zilikuwa bado hazijamenywa.