Kitenge cha Zawadi Kwenye Mashine ya Mihogo

Nakumbuka siku moja, mwanangu Bahati, nilipovaa kitenge kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo, nikaenda nacho kazini kusaga mihogo. Cheka, cheka tu, lakini usiinuke. Jana nilipita kwenye mashine yako mpya pale mtaani Kataki. Niliona vijana wako wanavyokuita Bosi na kuinamisha vichwa, nikafurahi. Niliona pia ule mkanda wa injini unazunguka wazi, karibu kabisa na mahali wateja wanapopanga mabeseni yao. Hapo furaha yangu ikaisha. Ndiyo maana nimekuita uje kula ugali kwangu kabla hujawasha injini tena.

Nilikuwa na umri kama wako, na jina langu la Riziki lilikuwa bado halijaongezewa Mama. Nilifanya kazi kwa Mama Zabibu, mjane mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alitupenda sana. Mtu akiugua anamletea uji yeye mwenyewe, na ukifiwa analia kukushinda wewe. Mimi nilimimina mihogo mikavu kwenye mashine, mwenzangu Salima alikinga unga, na mzee wetu, Papa Kyungu, alisimamia injini. Siku ambazo mihogo ya kutoka vijiji vya Niemba imefika sokoni hatukupata hata nafasi ya kukohoa, na kukohoa kwenyewe tulikuwa nako kwa wingi, maana vumbi la unga tulilivuta kutwa bila kufunika pua.

Basi Mama Zabibu akasafiri kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akarudi na vitenge, kila mfanyakazi na chake. Unajua desturi yetu. Nguo ya zawadi, aliyeitoa anataka kuiona mwilini mwako, tena mapema, la sivyo atajua umeidharau. Sikungoja fundi wa kushona. Kesho yake asubuhi nilikifunga kitenge kiunoni juu ya gauni la kazi, kikiwa bado kigumu kwa upya wake, pindo linaning'inia upande mmoja. Salima akafanya vilevile. Mama Zabibu alikuwa amekaa mlangoni. Alipotuona alipiga vigelegele, akatuzungusha kama mabibi harusi mbele ya wateja. Papa Kyungu akanitazama, akautazama mkanda, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Nadhani umeshajua kilichofuata. Beseni la mteja lilianguka karibu na gurudumu la mkanda, nikainama kuliokota. Sikuona pindo liliposhikwa. Nilihisi tu navutwa kiunoni kwa nguvu ambayo mwanadamu hana. Nikanyoosha mkono ili nikomboe kitenge, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye kitenge, na mkono nao ukaenda. Papa Kyungu alikuwa upande wa pili wa injini. Mpaka akimbie kuzunguka, akanyage mihogo, azime injini, mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika. Bahati nzuri fundo la kiunoni lilifunguka, vinginevyo leo ugali huu ungepikiwa na mtu mwingine.

Hospitalini Mama Zabibu alifika viatu mkononi, Papa Kyungu nyuma yake. Nilimwogopa kuliko maumivu. Nikaanza mimi.

"Mama, unisamehe. Kitenge yako imepasuka."

Akakaa chini sakafuni, mama mzima yule, akalia mpaka muuguzi akaja kuangalia.

"Mukono yako iko namna hii, na unaniomba samahani ya kitenge? Ni mimi nilikuvalisha! Nilikaa pale mulangoni, macho iko wazi, nikapiga na vigelegele!" Akamgeukia Papa Kyungu. "Na weye, Papa, haukuona?"

"Niliona, Mama. Niliona tangu asubui. Lakini ilikuwa zawadi yako, na ulikuwa unafurahi. Nilisema, nitamuambia aitoe namna gani mbele yako?"

"Basi ile heshima muniondolee," alisema Mama Zabibu. "Siitaki tena. Kama munanipenda kweli, munikatalie."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, sijasikia bosi mwingine akisema hivyo. Watu wa sokoni walikuwa wameshaanza kusema ni kosa langu, msichana mwenye kupenda urembo. Yeye alimjibu kila mmoja kwamba mashine ni yake, mkanda ni wake, na lawama ni yake. Matibabu aliyabeba yote, na nafasi yangu akanitunzia. Wateja wakahamia kwa jirani, wengine wakamcheka, lakini hakukubali injini iwashwe mpaka fundi alipouzungushia mkanda wavu wa chuma na kuweka pa kuzimia injini upande wetu pia. Nguo zilizobana mwili alitushoneshea, na vitambaa vya kufunika pua. Vitenge tulivaa Jumapili, kanisani, naye akapiga vigelegele vyake huko.

Sasa sikiliza, na acha kuchezea huo mchuzi. Ziba mkanda kabla ya kusaga hata kikombe kimoja. Usimwache mtu achokoe mihogo iliyokwama wakati mashine inazunguka, hata mteja akipiga kelele namna gani. Mfundishe kila kijana kuzima injini, wa leo na atakayekuja kesho, na anayekohoa mpeleke kwa daktari badala ya kumwambia atazoea. Hayo ni ya kwako wewe mwenye mashine, usimtupie mfanyakazi. Na vijana wako nao waambie hivi kutoka kwangu: macho yaliyoona hatari yana deni la kusema, na kumnyamazia mkubwa si adabu.

Lakini hawatasema kama utakuwa unakunja uso. Siku kijana wako mdogo kuliko wote atakapokuzuia mbele ya watu, akuambie, "Bosi, hapana," utaona haya, damu itakupanda. Nakujua, uliirithi hasira ya babu yako. Meza hasira hiyo, zima injini, halafu mshukuru mbele ya watu hao hao. Siku hiyo utajua kwamba anakupenda.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wateja mpaka uwachoke, akupe watu wasiokuogopa, na kila jioni amrudishie kila mama mtoto wake nyumbani, mzima, na vidole vyake vyote.