Roho Tatu za Suleiman

Zuena binti Mwishehe, fundi cherehani wa Chamazi, hajapata kubaki na kipande cha kitambaa cha mteja. Hata kiwe cha upana wa vidole viwili, hukikunja na kukitia mfukoni mwa gauni lililokamilika, mwenyewe aje aamue kukitupa. Wanawake wa mtaani humcheka, lakini nguo zao humpelekea yeye. Ndiyo maana uongo alioufanya mwaka huu ulimkaa vibaya rohoni.

Alimfanyia kaka yake. Suleiman, aliyemzidi miaka mitatu, alichonga vinyago Mwenge tangu ujana wake, hadi asubuhi moja kiharusi kilipompiga akiwa na patasi mkononi. Mguu ulirudi. Ulimi nao ukarudi, tena na ukali wake wote. Mkono wa kulia ukabaki umelala pajani kama mzigo alioachiwa na mtu. Zuena akamchukua kwake.

Mtaalamu wa mazoezi alisema wazi: vidole visipofanya kazi miezi hii ya mwanzo, vitakakamaa moja kwa moja. Akaacha mpira laini wa kubinya, mara mia kila siku. Suleiman aliubinya siku nne, akautupa.

"Mie si mtoto wa kuchezea mipira. Mkono umekufa, uacheni."

Siku moja Zuena alimpelekea sare Loveness, fundi simu wa jirani, akasikia muziki ukitoka kwenye simu yake. Akaganda mlangoni. Muziki ule aliujua. Ulikuwa wa kibanda cha gemu cha Kinondoni, walikokuwa wakipita yeye na Suleiman wakitoka madrasa, yeye na ushungi wake, msichana peke yake kwenye benchi la wavulana.

"Mashine zile bado zipo?"

"Hakuna mashine, mama," Loveness alicheka. "Ni programu tu. Simu inajifanya ile mashine ya zamani, gemu zenu zote zinaingia. Nikuwekee?"

Gemu ilikuwa ileile: kijitu kinakimbia, kinaruka mashimo. Kidole gumba cha kushoto kinakiendesha, cha kulia kinakirusha. Suleiman alipoiona alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue. Lakini kidole cha kulia kilichelewa. Roho tatu anazopewa mchezaji ziliisha kabla Zuena hajatunga uzi kwenye sindano. Suleiman akaiweka simu chini.

Zuena hakuuweza uso ule. Akarudi kwa Loveness. "Mwanangu, huwezi kumfanya asife?"

"Naweka roho zisizoisha. Wala hatajua."

Alijua siku ya tatu.

"Zuena!"

"Abee."

"Huyu mtu nimemtumbukiza shimoni mara kumi na moja. Mbona hafi?"

Angeweza kuisingizia simu. Hakuweza. "Nilimwambia Loveness aziongeze."

"Kule kibandani, roho zikiisha unampisha mwenzio. Wewe mwenyewe ulimvuta Kasimiri kwa kola ya shati hadi akaanguka kwenye benchi, kwa sababu kafa na hataki kupisha! Kasimiri mzima, na ndevu zake! Leo mie ndiyo sistahili kufa?"

Akageukia ukutani. Siku mbili simu ilikaa juu ya kabati, na vidole vikakaa kama vilivyokuwa. Huruma ya Zuena ilikuwa ya kweli, lakini ilimvunjia kaka yake heshima, maana kamari ya mshindi aliyepangwa haimfurahishi hata mshindi mwenyewe. Zuena aliliona hilo, na likamuuma kuliko matusi.

Siku ya tatu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo, kaka."

Suleiman hakugeuka. Shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito.

"Nilikosea. Nimeziondoa, zimebaki tatu. Naanza mie."

Akacheza. Akafa shimo la kwanza, akafa tena shimo lilelile, na mara ya tatu akapiga kelele hadi jirani akauliza kulikoni.

"Marahaba," Suleiman alisema, akigeuka. "Lete hiyo simu, unanitia aibu."

Tangu hapo wakapishana. Kila baada ya adhuhuri Zuena aliacha cherehani, wakacheza na kutukanana kwa adabu. "Wewe unashona au unaruka?" "Na wewe unachonga hewa?" Shimo la kwanza lilimchukua Suleiman siku tisa. La pili, siku nne.

Wiki ya sita, Suleiman amebakiza roho moja na kijitu kiko mbali kuliko walivyowahi kukifikisha, simu ikaita. Jina la mteja likatokea juu ya kioo: Mama Sekela, gauni lake la kwaya.

"Mteja huyo, lete!" Zuena akanyoosha mkono.

Kidole gumba cha kulia kikaacha kitufe cha kurukia, kikapanda, kikaikata simu ya Mama Sekela, kikashuka na kukirusha kijitu kabla hakijafika shimoni.

Zuena alikuwa na hotuba nzima kuhusu kumkatia simu mteja. Akaiweka kando. Alikitazama kile kidole kikipanda na kushuka, akajisogeza karibu, akakunja mikono, akasubiri kaka yake afe ili zamu yake ifike.

Alisubiri sana.