Kompyuta imembakizia bibi mtoto mmoja

Leo programu yangu imefuta ukoo mzima mbele ya bibi. 😭

Najifunza kuandika programu, nikaamua kuhifadhi kwenye faili majina ya watoto saba wa bibi, kila mmoja na wanawe chini yake.

Nikaenda nayo kijijini kwake Kilole kwa mbwembwe. "Shikamoo bibi, njoo uone ukoo wako!"

Nafungua faili, yumo baba mdogo Shabani peke yake.

Kumbe kila nilipohifadhi mtoto mpya, aliyetangulia alifutika.

Bibi akakodoa macho. "Nimezaa saba, halafu imembakiza huyu asiyekuja hata Idi?"

Nikaanza kumweleza. Wapi! Alishampigia simu.

"Shabani, kompyuta inasema sina mtoto mwingine. Kesho uje tupalilie mahindi."

Na amekubali, jamani! Sasa niirekebishe, au niiache hivyohivyo?