Kopo la Biskuti la Papa

Harufu ya mafuta ya cherehani hunisimamisha njiani hadi leo. Ni harufu nyepesi, haina ubaya wowote, wengi hata hawaisikii. Kwetu Ibanda, mjini Bukavu, katika nyumba ya matofali iliyokuwa chini kidogo ya barabara, mahali ambapo asubuhi uliona ziwa limelala chini ya ukungu, harufu hiyo ilikuwa ya Maman. Alishona barazani, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, na kando yake kipande cha chuma kizito, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, alichokandamizia kitambaa wakati wa kukata ili upepo wa ziwani usikipeperushe. Chuma hicho nacho kilinuka mafuta, kwa kuwa alikipangusa kisishike kutu. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua, nchi bado ikiitwa Zaire, mimi nikiwa na miaka kumi, na Papa akaanza kuazima kile kichupa cha mafuta. Tangu hapo harufu haikuwa ya Maman tena.

Papa alikuwa karani mkuu katika ofisi ya hati za viwanja. Alikuwa mtu wa karatasi, karatasi kwelikweli. Kwetu hata mbwa alikuwa na faili, na ndani yake cheti cha sindano kilichopigwa mhuri. Tulimcheka kichinichini, Maman zaidi yetu sote. Lakini mwaka ule watu wenye silaha walianza kuingia majumbani mchana kweupe, na ilinong'onwa kwamba baadhi yao hawakujisumbua hata kuvua sare. Jirani yetu, mwalimu mpole asiyegombana na mtu, alipigwa mbele ya wanawe na kunyang'anywa mpaka masufuria. Papa alikuwa mwoga, nasema hivyo kwa mapenzi, na baada ya siku ile chakula hakikumshuka. Akamwomba Tonton Birindwa, mdogo wake, aliyeendesha boti la injini kati ya mjini na kisiwa cha Idjwi na kujuana na kila mtu, amtafutie silaha ya mkononi.

Tonton alikuja Jumapili baada ya misa, na bastola mbili ndani ya mfuko wa mboga. Zilikuwa za mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akifunga virago. Murhula, ndugu yangu wa miaka minne, alipelekwa kwa jirani. Mimi nilisahauliwa nyuma ya pazia. Bastola ya kwanza ilikuwa bapa na nyeusi, na Tonton aliisifu vizuri: nyepesi, inabeba risasi nyingi, haimchoshi mtu. Papa hakuigusa. Aliuliza jambo moja tu, atajuaje kama ina kitu ndani. Tonton akachomoa kibweta cha risasi kwenye mpini, kisha akakiri kwamba hata kikitoka, risasi moja inaweza kubaki juu, mwanzoni mwa mtutu, na mtu asiione. Papa akaisukuma kwa kidole hadi ukingo wa meza. Ya pili ilikuwa nzito, ya kizamani, na katikati ilikuwa na duara lenye matundu sita ambalo liliangukia ubavuni ukilifungua. Aliiinua mpaka dirishani akachungulia tundu moja moja, na mwanga ukapita kote. "Hii njo yangu," alisema. "Hii haifiche kitu." Hakuuliza kama inalenga vizuri, na sidhani aliwahi kufikiria kuilenga kwa mtu.

Waligombana kidogo juu ya kibali. Tonton alimsihi kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akimwita Yaya, yaani kaka. "Yaya, usiende kuiandikisha. Ukiandika jina, watajua fasi ya kuja kuitafuta." Papa alijibu kama mtu aliyetukanwa. "Miye niko naandikia batu karatasi kila siku. Leo nifiche yangu?" Basi akavaa koti lake la abakosti la kijivu, akapiga picha nne, akajaza fomu kwa mwandiko ule wa kulala ambao ofisi nzima iliusifu, akazunguka kutoka dirisha hadi dirisha wiki baada ya wiki, na mwishowe akarudi na kibali chenye mihuri mitatu. Alikitia katika faili, baada ya cheti cha mbwa. Siku hiyo alikula akamaliza sahani, akaomba na nyongeza ya sombe, majani ya muhogo. Sijui kama niliwahi kumwona na furaha ya namna hiyo tena.

Kuhusu kuitunza hakuacha mwanya, au ndivyo alivyoamini. Bastola aliifunga katika kitambaa, akaitia ndani ya kopo bapa la biskuti, akalizungushia kopo uzi wa katani, akaliweka katika kabati la nguo chumbani mwao. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Risasi sita alizitia katika kopo la maziwa ya unga, zikakaa sebuleni ndani ya bufee, kabati la vyombo, nyuma ya glasi za wageni, na ufunguo wa bufee alikuwa nao Maman, ameufunga kwenye pindo la kitenge. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alitutoa nje, akafunga mlango, akaipaka mafuta ya cherehani, akairudisha. Hakuwahi kulifungua kopo lile mtoto akiwa ndani ya nyumba, isipokuwa mara moja, siku aliyoniita anionyeshe matundu sita yakiwa matupu. Aliniambia nikiiona nje nisiiguse, nimtoe Murhula chumbani na kumwita mkubwa. Hilo lilikuwa fundisho zuri, nami nawafundisha wengine hadi leo. La pili ndilo lililotumaliza. Alisema jambo lile halitamkwi, si shuleni, si kanisani, si kwa bibi, si mezani. Liliitwa "kile kitu", na hata hivyo kwa ruhusa. Akaniapisha mkono ukiwa juu ya katekisimu. Nilikuwa mtoto mtiifu mno, wa kuudhi, na kiapo kile nilikishika kwa moyo wote.

Kwetu mgeni hanywei kikombe cha bati. Akiingia tu, mtoto hupewa ufunguo wa bufee akatoe glasi. Alasiri moja walikuja wanawake wa parokia, Maman akanifungulia pindo, nikatoa glasi, nikauacha ufunguo ukining'inia tunduni nikakimbilia kumimina juisi ya marakuja. Niliporudi ufunguo haukuwapo. Nilimkuta Murhula chumbani kwa wazazi, kabati li wazi, ameketi juu ya viatu vya Papa na lile kopo mapajani, anauma uzi kwa meno. Aliona picha ya biskuti kwenye kifuniko, akataka biskuti. Seremala wa Kadutu aliyetutengenezea samani zote alikuwa na sanduku moja la vitasa, vyote sawa, na ufunguo mmoja ulifungua kila mlango wa nyumba yetu. Papa, mwenye mihuri mitatu, hakuwahi kufikiria kuujaribu.

Wageni walipoondoka nilimweleza Maman. Alienda kuujaribu mwenyewe, akafungua, akafunga, akafungua tena, kisha akaketi kitandani. Nilidhani angemwita Papa. "Nikimuambia, atatafuta kufuli ingine," alisema. "Miye sitaki kufuli. Sitaki ile kitu mu nyumba yangu." Kisha akanishika kidevu. "Usimuambie. Nitamuambia miye, siku nitapata maneno." Hivyo nikawa na viapo viwili, kimoja cha kila mzazi, na vyote vilisema ninyamaze.

Siku mbili baadaye tulipanda boti kwenda Idjwi kumsalimia bibi, si boti la Tonton, lingine. Katikati ya ziwa, abiria wakibishana juu ya bei ya ndizi, Maman alitoa kifurushi chini ya majani ya kikapu chake akakiachia ubavuni mwa boti. Maji yalifungua, yakafunga. Mama mmoja alidhani ameangusha kitu akampa pole, naye akajibu ni kitambaa tu. Ndani ya kopo, kabatini, alikuwa ameweka kile chuma chake cha kukandamizia, kimefungwa katika kitambaa kilekile, na uzi ameufunga kwa fundo la Papa. Mshonaji hashindwi na fundo. Alikuwa na wiki tatu hadi Jumamosi ya kuipaka mafuta. Kwa bibi siku hiyo alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka naye. Tuliona tumeiokoa nyumba.

Wiki ya pili akafiwa na shangazi huko Lwiro, akaenda matangani na Murhula mgongoni, mimi nikabaki kwa ajili ya shule. Ijumaa ikaja barua kutoka kambi ya jeshi: wote wenye kibali walete silaha na risasi kesho asubuhi zikaguliwe, zikiwa zimefungwa, zifunguliwe mbele ya afisa. Papa alikuwa karibu kufurahi. Alipanga faili lake mezani, akatoa kopo la maziwa, akashusha kopo la biskuti, akalipima kiganjani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakulifungua. Barua ilisema hivyo, na isitoshe kulikuwa na mtoto ndani ya nyumba. Mtoto huyo alikuwa mimi.

Nilisimama karibu naye kwa muda mrefu. Maneno yalikuwa mdomoni, mafupi kabisa, mtoto wa miaka miwili angeweza kuyasema. Nilifikiri juu ya katekisimu, nikafikiri juu ya mkono wa Maman kidevuni mwangu, nikajiambia kwamba watamcheka huko, atarudi na hasira, atatupigia kelele, na yataisha. Aliomba mwavuli, nikampa. "Nabintu, funga mulango, usifungulie mutu," alisema. Nikamwambia ndiyo, Papa.

Mengine tulisimuliwa na karani mwenzake aliyekuwa kwenye mstari. Afisa alikata uzi, akafunua kitambaa, akakuta chuma. Pembeni zilikuwepo risasi sita na kibali cha mihuri mitatu, na siku zile walikuwa wakiwatafuta waliopeleka silaha kwa watu wa milimani. Walimuuliza bastola ameipeleka wapi, akajibu ukweli pekee aliokuwa nao, kwamba hajui. Kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kuomba wamsomee kibali. Ibanda nzima ilikuwa na bastola chini ya mito na ndani ya magunia ya maharagwe, na wenyewe walilala kwao, kwa sababu hawakuandikwa popote.

Maman aliporudi Jumapili hakuvua hata viatu. Alikwenda kambini akasema yeye ndiye, ameitupa ziwani, na wakamcheka. "Mwanamuke atupe bunduki mu maji, juu ya nini?" Akasema mtoto wake aliona. Kesho yake wakanipakia kwenye mtumbwi wa injini pamoja naye na askari wawili. "Nionyeshe fasi," alisema mmoja wao, wala hakuwa mkali. Nilinyoosha kidole. Tukasogea, akauliza tena, nami nikanyoosha kidole mahali pengine, kwa kuwa hapakuwa na tofauti yoyote, kushoto maji na kulia maji. Mara ya tatu nilianza kulia. Askari akamwambia mwenzake turudi, huyu amefundishwa. Ilikuwa mara ya kwanza nimejaribu kuutoa ukweli ule mbele ya watu wa nje, na haukumfaa mtu.

Tuliambiwa Papa amehamishwa. Wapi, hatukuambiwa. Maman alizunguka ofisi moja baada ya nyingine akiomba hata kipande cha karatasi chenye jina lake, na mtu yule aliyeishi kwa karatasi hakuachiwa hata moja, si ya kufungwa, si ya kufa. Tonton alitafuta kwa njia zake akachoka. Tulichorudishiwa ni kile chuma, askari wa zamu alikitupa mezani akasema, "Maman, chukua chuma yako." Alikichukua. Aliendelea kushona kwa kuwa tulipaswa kula, ila hakukitumia tena, alikandamiza kitambaa kwa jiwe. Hakunilaumu hata mara moja maishani mwake, nami sikumlaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kulaumiana. Sasa amekufa, na Murhula, ambaye hakumbuki kopo wala uzi, huniuliza kila Krismasi Papa alifanya kosa gani.

Nimezeeka hapahapa Bukavu. Dunia ya utoto wangu ilikuwa mbaya, sitaipamba, lakini bado kulikuwa na mtu aliyedhani bastola inahitaji picha nne na mihuri mitatu, na mke aliyedhani inatosha kuitupa. Leo bastola ziko kila mahali, na hakuna anayeziita "kile kitu". Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mtoto mchanga wa jirani. Nikapewa kiti, nikapewa glasi, na nilipogeuka kuiweka mezani nikaiona bastola, bapa na nyeusi, ya ile aina isiyoonyesha kilicho ndani, imelazwa kando ya chupa ya maziwa, na dada yake yule mchanga, wa miaka mitatu au minne, akicheza chini ya meza. Nikajiambia safari hii sinyamazi, hata wanifukuze. Nilimshika mama yake mkono, nikamvuta jikoni, nikamwambia kila kitu: nilichokiona, kopo la biskuti, uzi, meno ya Murhula, asubuhi ile na mwavuli. Nilisema kwa pumzi moja maneno niliyoyabeba tangu nina miaka kumi.

Alinisikiliza kwa adabu, akigeuza ndizi kwenye mafuta. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Iko pale tangu zamani, maman. Hata mutoto anaizoea." Akanipakulia ndizi, nikala.