Korali Iliyokuwa Ikishuka

Kinanda chetu kilibaki chini ya mawe ya volkano pamoja na kanisa la zamani, na tangu hapo korali iliimba bila ala yoyote. Katika kanisa jipya la mbao, pale Mabanga, nilikuwa na diapazoni tu: uma mdogo wa chuma ambao ukiugonga gotini unatoa noti ya la. Niliugonga mwanzoni mwa wimbo ili waimbaji wapate sauti, na mwishoni ili nijue wamefika wapi. Kwa miaka mingi waliishia karibu na mahali walipoanzia. Lakini majuma yale ambayo waasi walikuwa wanakaribia mji kwa mara nyingine, walianza kushuka. Kila wimbo uliishia nusu toni chini.

Kosa la aina hii huwa na mwenyewe. Kitabu cha Kifaransa nilichojifunzia peke yangu kilisema hivyo, na masikio yangu yalikubali: mmoja anashuka, jirani anamfuata, mwisho benchi zima linateremka.

Na mwenyewe alikuwa ameshapatikana. Tenori mmoja alitufikia kutoka Kalengera akikimbia vita, na matamshi yake yalionyesha wazi kwamba nyumbani kwao walisema Kinyarwanda, lugha ambayo watu mjini waliihusisha na waasi. Aliomba kuingia korali kabla hata hajapata mahali pa kudumu pa kulala.

"Tulikuwa tunaimba muzuri mbele ya kuja kwake," kiongozi wa besi, muuza vitambaa, aliniambia mbele ya wote. "Ule mutu njo anatushusha. Na unaona vile anaangaliaka mulango?"

"Na weye unaangaliaka," mama mmoja wa alto alimjibu. "Njo maana unamuonaka."

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Siku zile mgeni asiye na wa kumsemea alihesabiwa kuwa mpelelezi, na yule tenori alilijua hilo kuliko sisi. Nilipomuuliza kwa nini alitaka korali, hakuzunguka.

"Shefu wa nyumba kumi akiuliza nani ananijua, nani atasema? Batu ba korali batasema: ule ni wetu."

Jibu lile halikunituliza. Mtu anayetafuta mashahidi, nilijiambia, huenda ana sababu. Nilimpima nikiwa na shaka mbili kwa pamoja, ya sauti yake na ya nia yake. Alivuta pumzi kwa mabega, yakapanda kama ya mtu aliyeshtuliwa. Kwenye noti za juu aliinua kidevu, koo likafunga. Hayo ni makosa halisi, na yanashusha sauti. Nikaweka kiganja kwenye mbavu zake za chini, nikamwambia akisukume kwa pumzi, kidevu akiache mahali pake. Alijirekebisha upesi mno. Hilo nalo sikulipenda: kama aliwahi kufundishwa, kwa nini hakusema?

Jumamosi nilimwomba akae nje, kando ya ukuta wa ua, wa mawe meusi. Waliimba bila yeye. Nikagonga diapazoni: walikuwa chini, nusu toni ileile.

"Alishatuzoeza vibaya," kiongozi wa besi akasema.

Basi nikawapima mmoja mmoja, nikisimama nyuma ya bega la kila mtu. Nilimshuku mama wa alto, kisha masoprano, kisha kiongozi wa besi mwenyewe, na huyu nilimshuku kwa furaha kidogo. Kila mmoja, peke yake, hakushuka. Wakiungana, walishuka. Kosa lisilo na mwenyewe lilinisumbua kuliko la mgeni.

Nikawaacha waimbe, nikatoka nje nikasimama karibu na tenori.

"Unasikia nini?"

"Pikipiki, mwalimu."

"Na korali?"

"Korali ni kidogo sana."

Lori lilikuwa linakuja. Nilichungulia kwenye mwanya wa mbao: lilipokaribia, midomo iliendelea kusonga lakini vifua vilitulia. Walikuwa wanaimba kwa namna ya kutosikika barabarani, na hakuna aliyewaagiza. Sauti ya mmoja haikufika barabarani; ya wote ilifika. Sauti ndogo hudai pumzi nyingi kama kubwa, pengine zaidi. Wao walikuwa wamebana sauti na pumzi pia.

Niliingia pamoja na tenori, nikaacha mlango wazi.

"Imbeni kama mnaita wateja."

"Mwalimu, unatafuta batusikie?" kiongozi wa besi akauliza.

"Mukimaliza nitafunga."

Waliimba, tenori akiwa mahali pake. Wimbo ulipoisha niligonga, na la yao ilikuwa la ya diapazoni.

"Sasa, papa?" mama wa alto akamuuliza kiongozi wa besi.

"Ule mutu njo anaanza kujifunza," akajibu.

Juma lililofuata shefu wa nyumba kumi alikuja katikati ya mazoezi, pamoja na mtu mwingine aliyebaki mlangoni. Alimwonyesha tenori kwa kidevu.

"Huyu, nani anamujua?"

Kiongozi wa besi alinitangulia kujibu.

"Ni tenori yetu. Anatusumbuaka, kila wimbo anashuka. Lakini ni wetu."

Shefu alimtazama msemaji, akamtazama tenori, akatoka. Yule wa mlangoni alichelewa kidogo, kisha akamfuata.

Tulipotawanyika, tenori alinisubiri njiani.

"Mwalimu, ni kweli ningali nashuka?"

"Hapana. Kesho nitamueleza kiongozi wa besi."

Alinishika mkono.

"Usimubishie," akasema. "Acha ibaki vile. Akisema nashuka, anasema niko wenu."