Dawa Haimwagwi

Mama yangu aliwapikia watu dawa za miti tangu kabla sijazaliwa. Hakuwa mganga, na ukimwita hivyo alikasirika. Alikuwa mkulima wa majani chai huku Kibugu, aliyejua miti kama wanawake wengine wanavyojua bei ya viazi. Mtoto wa jirani akikohoa, mama alichemsha. Mzazi akiumwa na tumbo baada ya kujifungua, mama alichemsha. Jiko letu lilinuka magome kuliko chakula, na shuleni nilitaniwa kwamba sweta langu lina harufu ya msitu.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, aliyepika dawa huionja mbele ya mgonjwa, ili mgonjwa ajue hapewi sumu. Ya pili, dawa iliyopikiwa mtu haimwagwi. Ukiimwaga, alisema, umemwambia mgonjwa aende zake. Ikimshinda kabisa, basi mtu wa nyumba hiyo ainywe. Mimi nilikuwa msichana wa vitabu, nikazisikia sheria hizo kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba.

Kisha koo lilimshika mama mwenyewe. Alianza kusukuma githeri, mahindi yetu na maharagwe, kwa maji, halafu akaiacha githeri, akauacha ugali, akabaki na uji. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kujitibu, alitufichaficha huku akijichemshia mwenyewe, mpaka uji nao ukaanza kurudi. Nilimpeleka hospitali mjini Embu. Daktari, kijana mpole, alituonyesha picha na kutueleza bila kuzunguka kwamba uvimbe umeziba koo na tayari umeshuka. Angeweza kuwekewa mpira tumboni, apitishiwe maziwa. Kupona, hapana. Mama alimsikiliza hadi mwisho na kumshukuru. Tulipotoka nje akaniambia, "Tumbo yangu si debe. Twende nyumbani."

Baba alikuwa amebaki nyumbani. Nilipomweleza alitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari za nchi nyingine. Asubuhi iliyofuata alichukua panga, akapanda hadi kwenye mti wetu wa dawa, muiri, ulio mpakani karibu na msitu, akarudi na gome kwapani. Baba huniita mama, maana nimebeba jina la mama yake.

"Huyu ametibu watu maisha yake yote," alisema. "Hata yeye atatibika. Mama, weka sufuria."

Nikaomba likizo kazini, nikaweka sufuria. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, leso imefungwa shingoni, akiniongoza. Gome hukwanguliwa ganda la nje kwanza. Hupondwa, halikatwi. Moto uwe mdogo, maji yapungue mpaka yawe mekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo, lakini ulimi haukuwa mgonjwa.

"Hata maji unaunguza," alinitania. "Huko ofisini mnafanyanga nini?"

Siku ya kwanza nilionja, nikakunja uso, nikampa kikombe. Alichukua funda moja, akalishika mdomoni macho yamefumbwa. Nilimwona akijaribu. Nilimwona akijaribu tena. Likarudi lote kwenye beseni, na damu kidogo juu yake. Akajipangusa mdomo, akanirudishia kikombe.

"Kunywa wewe."

"Mama, si nimwage tu?"

"Dawa haimwagwi. Na mzee asipate kikombe iko na kitu. Ataniangalia vile anaangalianga ng'ombe imeanguka."

Nikanywa. Uchungu wake hauishii mdomoni, unashuka nawe na kukaa tumboni. Baba aliporudi kutoka kupeleka majani chai, hata kabla ya kuvua viatu vyake vya gambuti, alichungulia kikombe. Kilikuwa kikavu. Sijawahi kumwona mzee yule akitabasamu kwa kitu kidogo namna ile, na niliwachukia wote wawili kwa muda, yeye kwa kuamini na mama kwa kunifanya mlinzi wa imani yake.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Baba alileta gome, mimi niliponda na kuchemsha, mama alijaribu funda, kisha nikamaliza kikombe. Baadaye hata funda hakujaribu tena. Alitazama tu nikinywa, akinihimiza nisiache funda la chini, lililo zito. Kama dawa ile ilikuwa na nguvu yoyote, mimi sasa ningekuwa na afya ya chuma. Niliumwa na tumbo, nikapoteza hamu ya chakula, na nyumba nzima ikawa na wanawake wawili wasiokula.

Huku kwetu kila mtu anajua muiri hubanduliwa upande mmoja tu, ule mwingine uachwe uulishe mti. Baba ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo. Siku moja nilimfuata kule juu, nikakuta ameubandua kuzunguka shina lote, mti umebaki uchi kutoka usawa wa magoti ya baba hadi juu ya kichwa chake, majani yakigeuka manjano.

"Baba, utakauka huu."

"Ukauke," akasema, akaendelea kubandua.

Nyumbani alianza kuona mambo. Leo ngozi ya mama imerudi. Leo amekaa wima. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, nikahesabu mbavu zake kwa kitambaa, na nilitaka kumpigia baba kelele. Sikumpigia, mama alikuwa ananitazama.

Alikufa asubuhi, jua likiwa limeshatoka, sufuria ikiwa motoni. Nilimfumba macho, nikamwita baba kutoka shambani, na watu walipoanza kujaa uani nikakumbuka jiko. Nilisimama na ile sufuria mikononi nisijue la kufanya nayo. Nikainywa. Kwenye matanga jamaa zetu walisema sikio la kufa halisikii dawa, wakaomba chai zaidi.

Baada ya mazishi akaja mtu kutoka Kianjokoma, mkulima wa rika la baba, kofia mkononi. Mke wake alikuwa ameanza kusukuma chakula kwa maji. Alikuwa ameambiwa ampeleke hospitali, lakini alitaka kwanza kusikia kutoka kwetu. Nilikuwa ninawamiminia chai.

"Dawa ni muiri," baba alimwambia. "Yetu tulichelewa, lakini ilimsongeza mbele. Alikuwa anamaliza kikombe kila siku. Wewe uko na bahati, unaanza mapema. Hospitali itakungoja."

Yule mtu alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno. Nilimwona akilini mke wake, ambaye simjui, akikaa nyumbani na vikombe vyake mpaka daktari naye awaambie wamechelewa. Nikaiweka birika chini.

"Baba, hakuwa anakunywa," nikasema. "Ilikuwa inamshinda. Nilikuwa nakunywa mimi." Nikamgeukia mgeni. "Mzee, usingoje. Mpeleke Embu kesho."

Kuku walikuwa wakipekua chini ya viti. Yule mtu aliigeuza kofia yake, akafikiri, na polepole uso wake ukafunguka.

"Kwa hivyo haikushindwa," akasema. "Ni vile haikunywewa. Wangu maji bado anameza vizuri." Alisimama, akatushukuru kwa heshima, akashika njia ya kwenda kutafuta muiri.

Nilibaki na baba. Alinitazama muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

"Kumbe angepona," akasema.