Kumkabidhi Thobias

Mama Thobias alikuwa hajui kukaa bure. Pale Kibirizi tunapokausha dagaa, alifika kwenye vichanja kabla yetu sote, kisha akatusema kwa uvivu mpaka jua lichomoze. Mdomo ule nilikuwa nauona kero. Mwanawe alipozama ziwani na mwili usipatikane, akanyamaza kabisa, na kunyamaza kwake kukaniogopesha kuliko kelele zake zote.

Katika ukoo wao, aliyekufa bila kaburi hukabidhiwa kwa babu yake. Mzazi huenda kwenye kaburi la babu na kumwaga pombe ya ulezi. Ardhi ikishainywa, ndipo hutaja jina la marehemu, na marehemu anakuwa amepokelewa kwao. Asipokabidhiwa, bado yuko majini anahangaika. Thobias hakuwa na baba wa kumtambulisha kwao, kwa hiyo babu yake alikuwa mmoja tu, mzaa mama, naye amelala ndani ya hifadhi, kwenye msitu wa kando ya ziwa. Kijiji chao kilihamishwa huko Mama Thobias akiwa mtoto.

Siku hizi hifadhi ile hupokea watu wanaotaka kuona mahame, michikichi iliyopandwa na wenyeji wa zamani, na makaburi yao. Nikamwambia twende kama wageni wengine. Nilijiona nina akili kweli.

Tulipanda boti asubuhi, yeye akiwa ameficha kibuyu ndani ya kanga. Mwongoza wageni, kijana wa Kidahwe aitwaye Dismasi, alimwamkia shikamoo, na aliposikia kuwa bibi huyu ni mzaliwa wa pale, alifurahi kama aliyepata ndugu. Akatupeleka moja kwa moja kwenye uzio wa miti. Ndani palikuwa pamefagiwa na mawe yamepangwa vizuri. Akatueleza kuwa wazee wamezikwa hapo, kisha akavua kofia na kusogea kando ampe nafasi.

Mama Thobias hakuingia. Alikaa chini nje ya uzio, nikadhani ni uchungu. Nilipomwinamia akaninong'oneza:

"Agnesi, hapa hakuna mtu. Hapa tulikuwa tunafunga mbuzi."

Akanieleza yote palepale. Zamani kidogo maofisa waliwafuata wazee wa kijiji wawaonyeshe makaburi ili yatunzwe. Lakini kwao kaburi la mkubwa halionyeshwi mgeni, hata mgeni mwema, kwa sababu anayelijua ameushika ukoo mzima mkononi. Wazee wakakubaliana, na Mama Thobias mwenyewe, aliyepakumbuka vizuri zaidi, akawapeleka maofisa kwenye zizi la mbuzi. Alilia kidogo, wakaamini. Walipoondoka, wazee walicheka sana.

Nilimwambia amwage pombe hapohapo, babu atasikia.

"Nimkabidhi mwanangu kwa mbuzi?"

Akainuka, akatangulia kupanda kando ya kijito bila kuuliza njia. Pale alipoishia, juu ya kaburi lenyewe, pana nyumba ya kupumzikia wageni, sakafu ya saruji, na vyoo nyuma yake. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Dismasi, masikini, akasema kwa fahari kwamba kabla ya kujenga wazee waliulizwa, wakajibu kuwa makaburi yote yako kule kwenye uzio.

Mama Thobias alizunguka juu ya saruji akitafuta upande wa kichwa. Hakuujua tena. Akafungua kibuyu, akamwaga, akasubiri ardhi inywe. Pombe ikatambaa juu ya sakafu hadi kwenye mfereji wa maji machafu. Alisubiri tu, midomo imelibana jina ndani yake, mpaka mfagiaji akaja na tambara, akampa pole kwa kumwagikiwa, akapangusa.

Dismasi hakuwa mjinga. Alimtazama, akatazama sakafu, akamsogelea taratibu.

"Bibi, hapa kuna nini? Niambie, nitawaeleza wakubwa."

Nilifungua mdomo nimjibu mimi. Mama Thobias akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na haya hayakuwa ya kumdanganya mtu.

"Hapana kitu, mwanangu," alisema. "Turudishe kwenye boti."

Na Thobias tukamwacha kulekule majini.